Chumba cha Wanaume, Tal Ghuzlan

Tal Ghuzlan, Karak
12 Oktoba 1993

Kwa Wadha, binti yangu, mwalimu wa hesabu huko Sohari, Omani,

Magoti yanauma, meno yaliyobaki hayapatani, na yule mbuzi mweupe uliyempenda ameota kiburi kama chako ulipokuwa mdogo. Mengine salama. Barua yako ilifika gundi imebanduka, kwa hiyo nadhani Fawzan wa posta aliisoma kabla yangu. Ndiyo maana mimi zangu nazipaka gundi ya viatu.

Habari kubwa ni kwamba demokrasia imerudi, na imekuja na mahema. Kila mgombea amesimamisha lake, na mimi kwa kuwa sina upendeleo nakula kwa wote. Ukoo wetu umemsimamisha Mhandisi Nawfan, yule aliyejenga daraja la bondeni ambalo mbuzi wanalizunguka. Sheikh Dhiyab alituita wanaume wote akatutangazia kwamba tumemchagua. Nikauliza tumemchagua lini. Akasema sasa hivi, kwani hukuwa unasikiliza? Watu wakacheka, nami nikacheka, maana mansafu ilikuwa inaingia, wali umelala chini, kondoo juu, mchuzi wa maziwa unamwagwa. Ni vigumu kumbishia mtu mkono wako ukiwa kwenye sinia yake.

Sasa sikiliza. Bi Sabha, mwalimu wako mkuu, naye amejiandikisha kugombea. Peke yake, bila ukoo, bila hema, bila kondoo. Picha yake imebandikwa ukutani kwa mwoka mikate, chini yake jina kamili, na vijana wakipita wanalisoma kwa sauti ili Fawzan mumewe asikie akiwa dirishani pale posta. Mwanamume wa kwetu hataji jina la mkewe mbele ya wanaume, hilo unalijua, lakini Fawzan amezidi. Miaka yote hii nimemsikia akisema Mama Ghalib, nimemsikia akisema watu wa nyumbani, lakini Sabha sijalisikia mdomoni mwake hata kwa kuteleza. Sasa liko ukutani, na gundi yake ni nzuri kuliko ya serikali.

Mimi nitampigia yeye. Ndiye aliyekupa kile kitabu cha darasa la kwanza uniletee, tukakaa mkekani, wewe una miaka minane na mimi nina mvi, ukinichapa vidole kwa rula nikikosea. Jeshini nilipika mpaka nikastaafu, na mshahara niliupokea kwa kidole gumba. Siku hizi kidole hicho kimepumzika. Jina la Bi Sabha nimelifanyia mazoezi nyuma ya kalenda. Ni jina jepesi, halina kona nyingi.

Hii ni ahadi ya Baba Wadha. Wenzangu wana watoto wa kiume wa kuitwa kwa majina yao, mimi nina wewe. Siwezi kulichafua jina ninaloitwa nalo.

Baba yako,
Shtewi, mpishi mstaafu


Sohari
27 Oktoba 1993

Baba mpendwa,

Niliisomea barua yako chumba cha walimu nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniuliza nina nini. Nikawaambia baba yangu, aliyejifunza kusoma ana miaka hamsini na kitu, ataandika kwa mkono wake jina la mwanamke kwenye karatasi ya kura. Yupo mwalimu mmoja, Mmisri, ambaye kila siku ananiambia kwamba kwetu Waarabu uchaguzi ni harusi tu, watu wanakula, wanaimba, wanapiga risasi hewani, na bwana harusi alijulikana tangu mwaka jana. Nikamwambia wewe subiri, nitakuonyesha baba yangu.

Kwa hiyo usidhani unampigia kura Bi Sabha peke yake. Mimi huku sina kura. Nina yako.

Je, wazee wamekuja kwako? Najua wanavyofanya kazi yao. Wakija, wape kahawa, wachekeshe kama unavyojua kuchekesha, kisha waende zao. Ndani ya kile chumba hakuna ukoo, baba. Kuna wewe na kalamu tu.

Hayel mume wangu anakusalimu. Anasema gundi ya viatu inaharibu bahasha, tunazifungua kwa kisu cha jikoni.

Binti yako,
Wadha


Tal Ghuzlan
10 Novemba 1993

Wadha mwanangu,

Kazi imekwisha. Juzi niliamka mapema, nikavaa koti lile la harusi yako, nikaenda shuleni pa kupigia kura. Wanaume chumba chao, wanawake chao. Kalamu ilikuwa ya buluu, imefungwa uzi mezani kama mbuzi mwizi. Nikaishika, nikaandika, nikakunja karatasi mara mbili, nikaitumbukiza kwenye sanduku. Msimamizi wa kituo, bwana mmoja wa mjini mwenye tai, alinisifu mwandiko.

Nawfan ameshinda, lakini hilo lilijulikana. Vijana walifyatua risasi za furaha na moja ikatoboa tangi la maji juu ya paa la Sheikh Dhiyab. Alioga demokrasia bila kupenda.

Uliuliza kama wazee walikuja. Walikuja. Walikaa kidogo, kahawa ikapoa kidogo, tukazungumza habari za mvua. Wewe unawajua wazee.

Mwambie huyo Mmisri atafute pa kuficha uso.

Baba yako,
Shtewi

Bi Sabha hakupata. Sijamwona tangu siku ile. Nasikia shuleni anakwenda kama kawaida.


Sohari
1 Desemba 1993

Baba,

Bi Sabha ameniandikia. Hakulalamika, unamjua. Ameniandikia kuhusu shule, kuhusu paa linalovuja, na katikati akaweka mstari mmoja kuhusu uchaguzi. Anasema kura zilihesabiwa sanduku kwa sanduku mbele ya mawakala wa wagombea wote. Chumba cha wanawake alipata chache. Chumba cha wanaume, sifuri.

Ninafundisha hesabu, baba. Sifuri haina mlango wa nyuma. Katika chumba kile hakuna mwanamume hata mmoja aliyempigia, na wewe ulikuwa ndani ya chumba kile umevaa koti la harusi yangu.

Kalamu ya buluu. Uzi. Msimamizi akakusifu mwandiko. Ulinihadithia vizuri sana.

Yule Mmisri aliniuliza. Nikamwambia barua haijafika.

Usinijibu mpaka uwe na la kweli.

Wadha


Tal Ghuzlan
3 Januari 1994

Wadha,

Nimekaa na kalamu tangu barua yako ije. Utani wote umenikimbia, na nilikuwa naudhani ni wangu.

Walikuja wanne, Sheikh Dhiyab mbele. Nikamimina kahawa. Akaipokea, akaiweka chini mbele yake, hakuinywa, na wale watatu wakaweka za kwao vilevile. Maana yake unaijua. Mgeni akiiacha kahawa ana ombi, na kikombe hakiguswi mpaka mwenye nyumba aseme limekubaliwa. Hivyo ndivyo tunavyoomba mke, na hivyo ndivyo damu inavyoombewa msamaha. Mimi mwenyewe niliiacha kahawa kwa watu wa bondeni ulipomvunja mtoto wao mkono kwa jiwe, na wakatusamehe. Mtu aliyepewa hivyo atamnyimaje mwenzake?

Sheikh akasema hawakuja kuomba kura yangu, maana kura yangu wanajua ni yao. Wanataka isikike. Wanaume wote wa ukoo watasema hawajui kusoma, na asiyejua kusoma haandiki, anamwambia msimamizi jina kwa mdomo, na wakala wetu amekaa palepale anasikia nani ni mtu na nani si mtu. Nikamwambia, Sheikh, wewe ndiye uliyenicheka siku niliyosoma gazeti mbele yako. Akasema, ndiyo maana kwako tumekuja na heshima zote.

Nikavitazama vile vikombe. Povu lilikuwa limeshaisha. Nikasema, "Kunyweni, mmepata."

Hivyo tu. Hawakunipiga, hawakunitisha. Ningetishwa ningekuandikia kwa fahari.

Siku yenyewe, foleni ile ungedhani ni ya vipofu. Mwalimu wa Kiarabu, anayemsahihisha imamu hotuba ya Ijumaa, alisema hajui kusoma. Mwenye duka la dawa alisema hajui kusoma, na mimi nikakumbuka vidonge vyake vilivyo tumboni mwangu. Kuna mwingine alikuwa nyuma yangu, simtaji. Msimamizi mwenye tai akachoka, akauliza kama kijiji hiki kina shule. Wakala wetu akamjibu ipo, ya wasichana.

Ikafika zamu yangu. Wale wenzangu walikuwa wanadanganya kwa ulimi tu, wakitoka nje wanarudi kuwa wasomi. Mimi maneno yale niliwahi kuyasema kwa kweli, miaka na miaka, dirishani kwa mlipa mshahara. Niliposema sijui kusoma, sauti iliyotoka ilikuwa ile ya zamani, ya mpishi Shtewi, na kidole gumba kikatoka chenyewe, nikakinyoosha juu ya meza. Hakuna aliyekiomba. Msimamizi akakitazama, kisha akaniambia kwa upole, "Hapana mzee, hatuchukui alama ya kidole. Taja jina tu."

Nikataja jina la Nawfan.

Huo upole wake ndio ulionimaliza. Alidhani mimi peke yangu pale ndani ndiye nisemaye kweli.

Niliamini Bi Sabha hakosi kura tano, sita, kwa wanaume. Nikasema yangu nitaificha humo, nitakuandikia kwamba ilikuwa mojawapo, nani atajua? Sikufikiri kwamba kila mmoja mle ndani alikuwa anajificha nyuma ya kura ya mwenzake. Kalamu ya buluu niliiona kweli, na uzi wake. Sikuigusa.

Redioni kuna mabwana wanaojadili kama demokrasia inaweza kuota kwetu Waarabu, kama ni dini inazuia, kama ni mafuta, kama ni wafalme. Waje kwangu niwaonyeshe vikombe vinne.

Sina cha kukuomba. Mmisri mwambie ukweli, ameshinda ubishi.

Shtewi

Jina lile jingine, Baba Wadha, nimeliweka pembeni kwanza.


Tal Ghuzlan
9 Februari 1994

Mzee Shtewi,

Nakurudishia bakuli lako. Asante kwa mtindi. Nimeweka karatasi hii chini ya tende ili uikute wewe mwenyewe, maana kupeleka barua posta, mimi wa nyumba hii, ni kama kumkabidhi mume wangu.

Jana uliiacha kahawa mbele yetu, ukasema umekuja kuomba msamaha, na Baba Ghalib akainuka akaenda kufungua mlango ambao haukugongwa. Hakurudi mpaka ulipoondoka. Mimi nilikuambia unywe, kwa sababu mgeni haachwi na kikombe kilichopoa. Lakini sikukujibu, na jibu ni hili.

Wewe ulivunja ahadi uliyompa binti yako. Mimi hukuniahidi kitu. Ile sifuri unayoibeba kama yako peke yako ina watu wengi ndani, na aliyekuwa nyuma yako kwenye foleni nimelala naye nyumba moja tangu nina miaka kumi na tisa. Karani anayesoma mwandiko wa daktari alisema hajui kusoma. Hatujalizungumza. Namwekea chakula, anakula, anasema Mungu akuzidishie. Tangu siku ile sahani yake anaiosha mwenyewe.

Naujua ugumu wake. Kunipigia kwa siri wangemwita msaliti. Kunipigia kwa sauti angelazimika kulitamka jina langu mbele ya wanaume wale, na hilo lilimtisha zaidi. Kulijua hakujanisaidia. Wasichana wa darasa la sita waliniuliza, "Mwalimu, hata nyumbani?" Nikawaambia tufungue ukurasa wa arobaini. Ukurasa wa arobaini tulikuwa tumeshausoma. Wakausoma tena, kwa kunionea huruma.

Nitagombea baraza la mji ukifika wakati wake. Sitashinda. Ila sikubali sifuri ibaki kuwa neno la mwisho la kijiji hiki kunihusu mimi.

Usiniletee mtindi tena. Mwandikie Wadha.

Sabha


Sohari
20 Juni 1995

Baba,

Kadi yako ya Idi ilifika. Mtoto anatambaa na ana masikio yako, tumemkubali hivyohivyo.

Najua mwaka huu na nusu tumeandikiana kama watu wa ofisini, na mimi ndiye niliyeanza. Sasa nasikia uchaguzi wa baraza la mji ni mwezi ujao na Bi Sabha amejiandikisha tena. Sheikh Dhiyab naye bila shaka ameshawasha jiko.

Safari hii usiniahidi kitu. Sikuulizi, na ukipiga usiniandikie kalamu ilikuwa ya rangi gani. Mmisri tumeacha kubishana. Nilimwambia ukweli, nikategemea atacheka. Akaniambia kwamba baba yake kule kwao ni mjumbe wa chama tawala, na kila uchaguzi hupiga kura hata kwa niaba ya waliokufa. Tukanywa chai yetu.

Wadha


Tal Ghuzlan
13 Julai 1995

Wadha mwanangu,

Sikuahidi, kwa hiyo nina ruhusa ya kusimulia.

Wazee walikuja tena, Sheikh Dhiyab mbele, amevaa joho jipya. Nikawakaribisha kwa mikono miwili, nikawapa chai. Sheikh akatazama kikombe kama nimemletea dawa ya minyoo. Akauliza kahawa iko wapi. Nikamwambia daktari amenikataza hata kuinusa. Akafikiri, kisha akaiweka chai chini mbele yake, hakuinywa, na wenzake wakamfuata. Nikamwambia kunywa Sheikh, chai haina sheria, ikipoa inakuwa maji machafu tu. Mmoja wao akacheka kwa bahati mbaya, wa pili akacheka kwa kumwona wa kwanza, na ombi lao likafia palepale. Waliondoka wamenuna. Chombo cha kahawa kilikuwa chini ya kitanda changu, bado cha moto, kilinichoma kisigino.

Usinisifu bado. Maana mpango wangu wote ulikuwa wa mwoga. Nilisema nitaingia, nitasema najua kusoma, nitaandika jina la Bi Sabha kimyakimya, nitakunja, nitatoka. Nilitaka kuwa mwanamume bila mtu kujua.

Nikaingia. Msimamizi mwingine, kijana, hana tai. Nikaishika kalamu. Kabla sijaiinua, wakala wa ukoo wetu, Mjali mdogo wake Nawfan, akasema, "Huyu mzee hajui kusoma. Mwaka ule alisema mwenyewe, sote tulisikia." Msimamizi akaniuliza, mzee, unajua au hujui?

Fikiria nilivyokwama. Nikisema najua, Mjali ataniuliza mbele ya watu kwa nini mwaka ule nilisema sijui, na foleni nzima nyuma yangu ina jibu lilelile mfukoni. Nikisema sijui, jina litoke kwa mdomo. Nikaitazama kalamu. Ilikuwa ya, basi, ulinikataza rangi. Nikaiweka chini.

Nikasema sijui kusoma. Ndiyo, mwanangu, nilidanganya tena, uongo uleule kwenye chumba kilekile. Kisha nikasema, "Sabha, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana." Nilitaka kulisema kwa sauti ya jeshini. Lilitoka kama la mtu anayeomba chumvi.

Likasikika hata hivyo. Mjali akaniuliza kama nimesahau ukoo wangu ni upi. Nikamwambia mimi ni mzee, nasahau mengi, muulize mwenye duka la dawa. Mtu mmoja nyuma akasema Baba Wadha ameanza kuzeeka vibaya. Nikaona nitoke haraka.

Nikageuka, nikakutana uso kwa uso na Fawzan.

Alikuwa nyuma yangu kama mwaka ule. Uso wake ulikuwa na rangi ya bahasha. Angeweza kuandika, Wadha. Hakuna ambaye angemzuia karani wa posta kushika kalamu, na angeandika hata jina la Sultani wa Uturuki, nani angejua? Mjali mwenyewe akamsogezea karatasi, akamwambia, karani, wewe andika upesi tukale. Kumbe nyumba ile walikwisha kuihurumia, walikuwa wanamwachia pa kujificha. Fawzan akairudisha ile karatasi mezani.

"Sijui kusoma," akasema.

Msimamizi akasema, lakini bwana, asubuhi hii umenisomea telegramu yangu. Watu wakacheka. Fawzan hakucheka wala hakusogea. Msimamizi akakata tamaa, akamwambia haya, taja unayemtaka.

"Mama Ghalib."

Msimamizi akapitisha kidole kwenye karatasi yake ya wagombea, juu mpaka chini, akarudi juu. Akasema kwa adabu kabisa kwamba hakuna mgombea mwenye jina hilo. Si mtu wa hapa, hakuwa na ubaya. Lakini vijana mlangoni walikwisha kuelewa, wakaanza kugongana viwiko, na mimi nikainamisha kichwa, nikatazama viatu vyangu. Nasema kweli, niliona aibu kwa ajili yake, kama vile mtu amevuliwa nguo hadharani. Mimi niliyekwenda kwao na bakuli la mtindi. Nilitamani aseme jina lolote, hata la mbuzi wangu, yaishe.

"Sabha," akasema.

Mjali akasema hakusikia vizuri. Alisikia. Tulisikia sote, hata wanawake wa chumba cha pili. Alitaka tu amrudishe mara ya pili kwenye moto.

Fawzan akamgeukia, si msimamizi, Mjali. Akasema, "Sabha binti Mufadhi. Mke wangu. Andika."

Akatoka. Nikamfuata. Uani alikaa kwenye ngazi, akafungua kamba za viatu akazifunga tena, zilikuwa hazina tatizo. Nikamwambia mbuzi mweupe amezaa mapacha. Akasema hongera. Tukarudi nyumbani kila mmoja upande wake wa barabara.

Jioni wakahesabu. Bi Sabha hakupata kiti. Chumba cha wanaume, kura mbili, na hakuna haja ya kuuliza ni za nani. Nawafahamu wanaume kumi mle ndani waliojifunza herufi zao za kwanza kwa mama zao waliofundishwa na yeye. Mbili. Usiende kumtangazia Mmisri chochote, labda umwambie tu kwamba baba yako anamsalimu baba yake.

Ukoo umeacha kunialika. Nakula dengu nyumbani, tumbo limepungua, mkanda nimeutoboa tundu jipya. Sheikh Dhiyab tukikutana njiani anaangalia mbingu kama anatafuta mvua. Ninaona aibu bado, ukitaka kujua. Nilidhani nikisema jina lile aibu itaondoka, lakini imekaa. Kila nikikumbuka kile kidole gumba juu ya meza nakirudisha mfukoni, hata nikiwa peke yangu.

Ila siku hizi watu wakiniita Baba Wadha, naitika.

Barua hii sijaipaka gundi ya viatu. Nimemkabidhi Fawzan dirishani ikiwa wazi, nikamwambia kama kuna nililokosea, asahihishe.

Baba yako,
Shtewi


Binti Wadha, nimeisoma kwa ruhusa ya mwenyewe. Ni kweli tupu, isipokuwa kamba ya kiatu cha kushoto ilikuwa imelegea. Naipiga muhuri sasa hivi. Sabha anakusalimu.

Fawzan, karani wa posta